Aliyelaumiwa hurudi vipi? Uchambuzi wa kura ya Kajiado

Kila baada ya miaka mitano swali hili huzuka upya Kitengela, mji wa Kaunti ya Kajiado. Barabara za mitaani ni vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Majitaka hupita mbele ya milango ya nyumba za kupanga, na maji ya kunywa hununuliwa kwa boza. Wanasiasa wa eneo wamelaumiwa kwa miezi na miaka, hadharani na faraghani. Kisha kura zinahesabiwa, na mtu yule yule, au mwenzake wa kundi lile lile, anaapishwa. Watu wanashika tama. Redioni na katika makundi ya WhatsApp ya mitaa, lawama huelekezwa upande mmoja: wapigakura hawajui wanachofanya, wanauza kura kwa noti ya shilingi mia mbili, wanafuata kabila.

Jibu hilo linamridhisha anayelitoa, ila halitoshi. Mpigakura wa Kajiado hana upungufu wa akili. Kura yake hupindwa kabla hajafika kituoni, na wanaoipinda ni watu na mifumo inayotajika kwa majina. Asiyetazama huko atahubiri elimu ya uraia mpaka sauti imkauke, na mheshimiwa atarudi.

Je, ni kweli wanarudi?

Wakenya si wapole kwa walio madarakani. Mwaka 2007 makamu wa rais Moody Awori alipoteza kiti chake cha ubunge pamoja na mawaziri wengi wa serikali ya Mwai Kibaki. Mwaka 2017 magavana zaidi ya 20 kati ya 47 walikataliwa baada ya muhula mmoja tu. Kajiado ilikuwemo: David Nkedianye, gavana wa kwanza wa kaunti hiyo, alishindwa na Joseph ole Lenku wa chama cha Jubilee. Mwaka 2022 Lenku alihamia ODM na kurejeshwa katika kinyang'anyiro kikali dhidi ya Katoo ole Metito wa UDA na Nkedianye, ambaye safari hii alikuwa Jubilee.

Uchaguzi huo wa 2022 una funzo jingine. Kajiado ilichagua gavana wa ODM, lakini seneta Samuel Seki na mwakilishi wa wanawake Leah Sankaire ni wa UDA. Kati ya wabunge watano, watatu walitoka ODM na wawili UDA. Watu wanaopiga kura ya chama kimoja kutoka juu hadi chini, suti kamili kama wasemavyo wanasiasa, hawaleti matokeo ya aina hiyo. Wapigakura wa Kajiado walichagua mtu kwa mtu, kiti kwa kiti.

Kwa hiyo swali lina pande mbili. Mosi, kwa nini baadhi ya wenye doa hurudi? Pili, na hili ndilo zito zaidi, kwa nini hata wanapoangushwa, anayeingia hufuata mwendo wa aliyetoka? Anayejibu swali la kwanza pekee atadhani kumwondoa mtu kunatosha.

Neno "mwenye doa" nalo linahitaji tahadhari. Kuna aliyehukumiwa na mahakama, kuna aliyeshtakiwa na kesi haijaisha, na kuna anayenong'onwa tu sokoni. Kuwatia wote kapu moja ni kumwonea anayenong'onwa na kumpunguzia mzigo aliyehukumiwa.

Lawama za Nairobi, kura za nyumbani

Historia ya Kajiado ina visa viwili vinavyoonyesha jinsi lawama za kitaifa zinavyofifia zikifika nyumbani.

Profesa George Saitoti aliingia bungeni kama mbunge wa kuchaguliwa wa Kajiado Kaskazini mwaka 1988, mwaka wa uchaguzi wa kupanga foleni, mlolongo. Alikuwa waziri wa fedha, kisha makamu wa rais kwa miaka mingi. Jina lake liliandamwa na kashfa ya Goldenberg, ambapo mabilioni ya fedha za umma yalilipwa mapema miaka ya 1990 kama fidia ya mauzo ya dhahabu na almasi. Tume ya Jaji Samuel Bosire ilipotoa ripoti mwanzoni mwa 2006, Saitoti alijiuzulu uwaziri wa elimu. Julai mwaka huo Mahakama Kuu ilifuta sehemu za ripoti zilizomgusa, na Novemba akarudi katika baraza la mawaziri. Desemba 2007 alishinda tena kiti cha Kajiado Kaskazini, akakishika hadi alipofariki katika ajali ya helikopta karibu na Ngong mnamo Juni 2012.

Mbele ya sheria alikuwa ameondolewa lawama, na hilo lazima lisemwe waziwazi. Lakini hata katika miaka ambayo kashfa ilikuwa moto na hakuna mahakama iliyokuwa imemsafisha, kiti chake hakikutikisika. Magazeti ya Nairobi yalimjadili kwa habari ya Goldenberg. Jimboni alipimwa kwa mizani nyingine: shule, barabara, nafasi za kazi, na uzito wa kuwa na mtu wa nyumbani karibu na kiti cha rais.

Kisa cha pili hakihusu ufisadi, na ndiyo maana kinafundisha. Joseph ole Lenku alikuwa waziri wa usalama wa ndani wakati wa shambulio la Westgate la Septemba 2013 na mauaji ya Mpeketoni ya Juni 2014. Baada ya mauaji ya wachimba mawe kule Mandera, Rais Uhuru Kenyatta alimwondoa Desemba 2014. Nchi nzima ilikuwa imemkosoa vikali. Aliyechukua nafasi yake, Joseph Nkaissery, naye alikuwa mtu wa Kajiado, mbunge wa Kajiado ya Kati. Miaka mitatu haikuisha kabla ya Lenku kuchaguliwa gavana wa kaunti ya nyumbani.

Ukitazama ukiwa Nairobi, utasema watu wa Kajiado ni wasahaulifu. Lakini kwa nini mfugaji wa Mashuuru amnyime mtu kura ya ugavana kwa kosa la usalama lililotokea Mandera? Anachagua mtu wa kugawa bajeti ya kaunti. Kosa linapimwa na aliyeumizwa nalo, na asiyeumizwa hulisahau upesi.

Hoja ya hongo na kutojua

Hoja maarufu kuliko zote ina miguu miwili: mpigakura hununuliwa, na mpigakura hajui. Hakuna anayeweza kukana kwamba pesa hugawiwa. Usiku wa kuamkia kura, noti hutembea, na pamoja nazo unga na leso. Vijana wa bodaboda hujaziwa mafuta ili kusindikiza msafara.

Tatizo la hoja hii ni kwamba kura ni ya siri. Anayegawa pesa hana njia ya uhakika ya kujua karatasi ilitiwa alama wapi. Wapigakura wanalijua hilo, na wengi huchukua kwa wagombea watatu na kumpigia wa nne. Mwenye pesa nyingi kuliko wote hushindwa mara kwa mara. Basi noti inafanya kazi gani? Inamtambulisha mgombea kuwa ni mtu wa kutoa. Asiyetoa chochote huonekana bahili, au dhaifu, au mtu asiye na watu nyuma yake. Pesa haimhakikishii mtu ushindi, ila bila pesa hasikilizwi.

Kuhusu kutojua, ushahidi kutoka nje umegawanyika kwa namna inayostahili kutafakariwa. Nchini Brazili, watafiti Claudio Ferraz na Frederico Finan walionyesha kwamba taarifa za ukaguzi zilipotangazwa kabla ya uchaguzi wa 2004, mameya waliokutwa na ufisadi walipoteza kura, hasa palipokuwa na redio ya mtaa. Nchini Meksiko, mwaka 2009, kutangaza ufisadi kulivunja watu moyo: wengi hawakwenda kupiga kura kabisa, na aliye madarakani pamoja na mpinzani wake wakaumia. Karibu na kwetu, kabla ya uchaguzi wa wilaya wa Uganda mwaka 2016, wananchi walitumiwa ujumbe wa simu kuhusu kasoro za hesabu za wilaya zao. Ujumbe ule uliathiri kura za madiwani. Kura za wenyeviti wa wilaya haukuzigusa.

Matokeo ya Uganda yanaeleweka kirahisi Kajiado. Kwa kiti cha juu mtu ameshasikia mengi na ameshachagua upande. Kwa mwakilishi wa wadi habari ni chache, hivyo tone moja hubadilisha mawazo. Taarifa za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu zipo, na hutolewa kila mwaka. Lakini huchelewa, huandikwa kwa Kiingereza cha wahasibu, na huzungumzia kaunti nzima. Mama wa Kitengela hawezi kuzisoma akajua fedha za mtaro wa mtaa wake zilikwenda wapi. Elimu inasaidia ikiwa ni ya karibu, kwa lugha ya mtu, na kwa wakati. Elimu ya jumla, ile ya "chagueni viongozi bora", haimwambii mtu jambo asilolijua.

Ukoo, kabila na hofu ya ardhi

Hoja ya pili ni ya damu. Kajiado ni nchi ya Wamaasai, na Wamaasai wenyewe wamegawanyika katika maeneo: Ilkaputiei, Ilkeekonyokie, Iloodokilani, Ilmatapato, Ilkisonko, Ildalalekutuk na wengineo. Kabla ya uchaguzi wazee huketi na kujaribu kugawana viti ili kila upande upate chake. Mtu akishapitishwa na wazee wa upande wake, makosa yake huwa aibu ya ndani ya nyumba. Wa nje akiyataja, anaonekana anashambulia upande mzima.

Nyuma ya damu kuna ardhi. Sheria ya ranchi za vikundi ya 1968 iliwapa wafugaji hati za pamoja, lakini kuanzia miaka ya 1980 ranchi zikaanza kugawanywa. Ya Kitengela iligawanywa 1988. Mashamba yakakatwa viwanja, viwanja vikauzwa, na mji ukafumuka kandokando ya barabara ya Namanga. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 687,312 katika kaunti nzima. Ya 2019 ikahesabu 1,117,840. Kitengela pekee ilikuwa na 154,436, Ongata Rongai 172,569 na Ngong 102,323. Miji hiyo mitatu inabeba zaidi ya theluthi moja ya wakazi wote, na wengi wao walitoka kwingine. Mmaasai anayeona ng'ombe wake wamezingirwa na nyua za mawe hahitaji kuchochewa ili aogope, na wanasiasa wanaijua hofu hiyo. Kampeni za 2017 ziliwaka moto kuhusu suala la kuuza ardhi kwa wageni, hadi viongozi wa kitaifa wakaingia katika mjadala huo.

Mwenye hofu humchagua mlinzi kwanza, na uadilifu wa mlinzi huja baadaye. "Mwizi wetu" anaonekana afadhali kuliko mwaminifu wa upande wa pili, kwa sababu wa kwanza ataiba fedha na wa pili, inadhaniwa, atachukua nchi. Wahamiaji nao wana hofu yao: kufukuzwa, kunyimwa leseni, kutokuwa na mtu wa kuwasemea. Nao hutafuta mlinzi wao, na humsamehe vivyo hivyo.

Hata hivyo, hoja hii nayo ina mwisho wake. Mwaka 2013 Peris Tobiko aliwania ubunge wa Kajiado Mashariki, eneobunge lenye Kitengela. Baadhi ya wazee walipinga mwanamke kuongoza na wakatishia laana. Alishinda, akawa mwanamke wa kwanza wa Kimaasai kuchaguliwa mbunge, na akashinda tena 2017. Neno la wazee lina uzito, lakini si amri. Tena ukoo hauwezi kueleza kwa nini Kajiado ilimwangusha Nkedianye 2017 na kumwacha nje tena 2022, wala kwa nini kura za 2022 zilichanganyika kiasi kile. Damu inamsaidia mgombea kuingia katika orodha. Kumpitisha ni kazi nyingine.

Basari, boza na matanga

Hapa ndipo uzito wenyewe ulipo, kwa maoni yangu, na ndipo wachambuzi wengi hupita mbio.

Itazame safari ya fomu moja ya basari. Mzazi anaichukua katika ofisi ya hazina ya eneobunge au ya wadi. Anaambatisha nakala ya kitambulisho, cheti cha kuzaliwa cha mtoto na karatasi ya karo kutoka shuleni. Anakwenda kwa chifu kupigiwa muhuri kuthibitisha kwamba ni mhitaji, au kwamba mtoto ni yatima. Anairudisha kabla ya tarehe ya mwisho. Kamati inakaa, na mzazi hajui ilitumia kipimo gani. Wiki kadhaa baadaye hema linasimikwa uwanjani, viti vinapangwa, na mheshimiwa anasimama na hundi iliyochapishwa kwa ukubwa wa mlango. Majina yanasomwa. Mtoto aliyetajwa anapigiwa makofi, mzazi anashukuru, na anayeshukuriwa ni mheshimiwa.

Fedha zile ni za kodi. Hazina ya maeneobunge ilianzishwa 2003 kwa fedha za serikali, na kaunti zina mifuko yao ya basari. Lakini zimepitishwa mkononi mwa mtu mmoja, na mkono huo ndio unaokumbukwa. Mzazi mwenye mtoto wa sekondari akiambiwa kwamba mheshimiwa amefuja, anapiga hesabu: mtoto amebakiza miaka miwili, jina lake liko katika orodha hii, na mheshimiwa mpya atakuja na orodha yake. Huyo si mjinga. Analinda karo ya mwanawe.

Hesabu hiyo hiyo hupigwa katika mambo mengine. Msiba ukitokea, jamaa hutarajia mkono wa rambirambi wa mheshimiwa. Asipofika matangani, hasahauliki kwa hilo. Mgonjwa akizuiwa hospitalini kwa deni, ndugu hutafuta simu ya mwakilishi wa wadi. Kijana akikamatwa kwenye msako, mama hukimbilia huko huko. Mfugaji mwenye mgogoro wa mpaka au hati miliki humhitaji mtu wa kumfungulia mlango katika ofisi ya ardhi. Na mitaa ambayo bomba halijafika huahidiwa kisima au boza msimu wa kiangazi. Haki yote hii ingepaswa kupatikana dirishani, kwa karani, bila kumjua mtu. Kwa sababu haipatikani dirishani, kujuana na mtu kumekuwa ndiyo huduma ya umma.

Ndiyo maana ile methali ya zimwi likujualo halikuli likakwisha hutajwa sana siku za kura. Kuna na ile hoja ya vijiweni: huyu ameshashiba, mpya atakuja na njaa. Inaumiza kuisikia, lakini ina mantiki ndani yake. Anayeingia mara nyingi hutelekeza mradi wa mtangulizi wake: zahanati iliyofika kwenye lenta huachwa iote nyasi, na mpya huanza yake mahali pengine ili ibebe jina lake. Kwa mwanakijiji aliyengoja zahanati hiyo miaka minne, kumrudisha mwenye dosari ni kuokoa jengo.

Udhaifu wa hesabu hii unaonekana ukijumlisha. Kila familia peke yake inafanya la busara, na kwa pamoja wanaishia pabaya. Fedha za mtaro wa majitaka zingeokoa kila nyumba mtaani, lakini mtaro hauna jina la mtu wala hauna hafla ya kukabidhi. Basari ina jina. Mheshimiwa mwenye akili atawekeza kwenye yenye majina. Na anayemwangusha atakuta ofisi ile ile, orodha ile ile na hema lile lile, na foleni ya watu inayomngoja mlangoni tangu siku ya kwanza. Hili ndilo linalojibu upande wa pili wa swali letu: mtu hubadilika, kazi aliyoikuta haibadiliki.

Kuna juhudi za kuukata mzizi huu. Septemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba sheria ya hazina ya maeneobunge inakwenda kinyume na katiba, na wabunge wakapambana na uamuzi huo kwa nguvu zao zote. Mwaka huo huo Rais William Ruto alipiga marufuku maafisa wa serikali kushiriki harambee, baada ya vijana kuandamana. Lakini tusijidanganye kuhusu gharama. Ukiondoa basari ya mbunge leo bila kuweka mfumo mwingine wa karo unaofanya kazi, atakayelala njaa ya shule kesho ni mtoto wa maskini, na maskini huyo atamtetea mbunge wake. Kila mageuzi yanayoanza kwa kumnyang'anya mhitaji yatapingwa na mhitaji.

Wanaochujwa kabla ya kura

Mpigakura huchagua kutoka kwa alioletewa. Mchujo wa vyama hufanyika kwa vurugu au kwa cheti cha moja kwa moja kutoka makao makuu. Kampeni ya kiti cha wadi hugharimu kuliko mwalimu anavyoweza kuweka akiba kwa miaka mingi. Kenya ina sheria ya fedha za kampeni tangu 2013, lakini haijawahi kutumika katika uchaguzi mkuu wowote. Tume ya uchaguzi, IEBC, ilipotangaza viwango vya juu vya matumizi mwaka 2021, Bunge liliviangusha. Waliopaswa kufungwa kamba ndio waliopewa kamba waishike.

Sura ya Sita ya Katiba ya 2010 inadai uadilifu, lakini katiba hiyo hiyo inasema mtu hazuiwi kugombea mpaka njia zote za rufaa ziishe. Mwaka 2022 tume ya kupambana na ufisadi, EACC, ilitaja zaidi ya majina 200 ya wagombea wenye maswali ya uadilifu. Karibu wote waliruhusiwa. Aliyekuwa gavana wa Kiambu, Ferdinand Waititu, alishtakiwa 2019 na kuhukumiwa Februari 2025. Huo ni muda unaozidi muhula mzima, kabla hata ya rufaa.

Wapo wanaotaka kila anayeshtakiwa azuiwe. Nawaelewa, ila naogopa dawa hiyo. Mwenye mamlaka angeweza kumfungulia mpinzani kesi mwezi mmoja kabla ya mchujo. Afadhali kesi za ufisadi za wagombea zisikilizwe mfululizo hadi hukumu. Haki ya rufaa ni tukufu, lakini haikuwekwa ili iwe ngazi ya kupandia madarakani.

Mkazi asiye mpigakura

Jambo hili halitajwi sana, na kwa Kitengela huenda ndilo linaloumiza zaidi. Maelfu ya wapangaji hupanda matatu za njia namba 110 alfajiri kwenda Nairobi, viwandani Mavoko na kwingineko. Wanakanyaga tope la hapa na kununua maji ya hapa. Lakini wengi wao wamejiandikisha kupiga kura mashambani kwao, Murang'a, Kisii, Kitui au Siaya. Uchaguzi ukifika, mabasi yanajaa na mji unabaki mtupu. Wanakwenda kumchagua gavana wa mahali wanapofika Krismasi na mazishini.

Kwa hiyo kundi la wenye malalamiko makali zaidi kuhusu huduma za mji ndilo lenye kura chache zaidi mjini. Mheshimiwa hupokea kelele zao, anapima daftari la wapigakura, na anajua pa kuelekeza greda. Kwa upande wa pili, kule mashambani wanapiga kura bila kuishi na matokeo yake, na huko pia mwenye dosari anafaidika.

Mwaka 2024 Kitengela ilijulikana nchi nzima kwa ujasiri wa vijana wake. Waliandamana Juni, na Agosti wanaharakati watatu wa mji huo walitekwa, wakaachiliwa baada ya takriban mwezi mmoja. Mji wenye uthubutu wa kiasi hicho barabarani unaweza kuwa mnyonge kwenye daftari la IEBC, na mheshimiwa hupimwa kwa daftari.

Kuhimiza wapangaji wajiandikishe hapa wanapoishi kuna bei yake, na ni lazima itajwe. Wenyeji wataona ni njama ya kuwameza kwa kura baada ya kuwanunua kwa ardhi, na hofu ile ya ukoo itapanda. Dawa ya hofu hiyo ni dhamana za kweli juu ya malisho, njia za mifugo na hati za wafugaji, zinazotolewa hadharani na wagombea wa pande zote. Kumnyamazisha mpangaji hakumrudishii mfugaji ekari hata moja.

Mizani

Nikiziweka hoja hizi pamoja, naona hongo ni ada ya kuingia uwanjani tu. Kutojua kuna nguvu kwenye viti vidogo, na huko elimu ya karibu inalipa. Ukoo na kabila huamua nani asikilizwe, na nguvu yake hupanda na kushuka kwa kiasi cha hofu ya ardhi. Mchujo na mahakama hupunguza chaguo. Lakini kinachomfanya mtu mwenye akili zake timamu amrudishe anayejua ameharibu ni utegemezi: haki ya umma imegeuzwa fadhila ya mtu. Na kinachoufanya utegemezi huo usiadhibiwe mijini ni kwamba walio huru nao, wenye mishahara na wasiongoja basari, hawapigi kura wanapoishi.

Njia ya kumwita mbunge nyumbani kabla ya muhula kuisha imo katika Kifungu cha 104 cha katiba, lakini sheria iliyotungwa 2011 iliizungushia masharti mazito, na mwaka 2017 Mahakama Kuu ikayatangaza baadhi yake kuwa batili. Nisingeitegemea. Wala nisingetegemea mivutano ya mahakamani kuhusu hazina ya maeneobunge.

Kuna jambo dogo zaidi linalowezekana kabla ya tarehe 10 Agosti 2027. Gavana wa sasa wa Kajiado anamaliza mihula yake miwili ya kikatiba, kwa hiyo kiti hicho kitakuwa wazi na macho yote yatakielekea. Nadhani macho ya Kitengela yangefaa kuelekea chini zaidi, kwenye wadi. Kila mgombea wa wadi aulizwe hadharani iwapo atakubali orodha ya basari, kipimo kilichotumika na kiasi alichopewa kila mtoto vibandikwe ukutani kwa chifu kila muhula, bila hema wala hundi ya kupigia picha. Aulizwe zahanati ya mtangulizi wake iliyosimama kwenye lenta ataimalizia mwaka gani. Maswali hayo hayahitaji sheria mpya wala idhini ya Nairobi, na mgombea anayeyakwepa atakuwa amejibu. Usajili wa wapigakura ulifunguliwa tena Septemba 2025, na mpangaji wa Kitengela aliyejiandikisha mashambani anaweza kuhamisha kituo chake, ili maswali hayo yaulizwe na mtu mwenye kura ya kunyima.